Kukata stringi bila kupoteza vitenganishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunifuata kila ninapokaa na vijana wanaojifunza programu, iwe Sayansi pale Kijitonyama au kwenye kiti cha nyuma cha daladala na kompyuta mapajani. "Kaka, nimekata vizuri, lakini mkato wangu umepotea." Nimeyapanga ya mwanzo juu na yenye miiba chini. Yamepewa namba ili nisirudie jambo moja mara tatu. Ukiona "tazama swali la 6", nenda.

Maneno machache kwanza. Stringi ni mfululizo wa herufi. Kitenganishi ni alama inayokaa kati ya kipande na kipande: mkato, kistari, nyota, nafasi. Regeksi ni ile lugha fupi ya kueleza mpangilio wa herufi. Na naandika "msimbo". Kodi tunawaachia TRA.

## Ya mwanzo

1. Kwa nini `split` inameza alama niliyokatia?

Ndivyo ilivyotengenezwa. `split` ya kawaida, ile amri ya kukata stringi, inakiona kitenganishi kama ganda la ndizi, ukishamenya unatupa. Kwenye "Asha,Juma,Neema" unachotaka ni majina. Mkato hauna habari yoyote ya ziada, acha uende.

Shida huanza pale alama yenyewe inaposema kitu. Tuseme una maandishi ya kibao cha daladala: "Mbagala-Kariakoo/Posta". Kistari kinasema gari linatoka hapa linakwenda pale. Mkwaju unasema linaishia hapa au pale. Ukivitupa vyote viwili unabaki na majina matatu ya mahali, na abiria hajui ashukie wapi. Ndivyo ilivyo pia kwa "500+200-50": ukitoa alama unabaki na namba tatu zisizojua kama zinaongezwa au zinapunguzwa.

2. Kukibakiza kitenganishi maana yake nini hasa? Kibaki wapi?

Mtazame muuza muwa wa toroli pale Kariakoo anavyokata pingili. Kila akipitisha kisu, fundo lazima liende mahali. Linaweza kubaki na pingili ya kushoto, likabaki na ya kulia, au akalikata likawa kipande chake peke yake. `split` ya kawaida ni ile ya kulidondosha chini ya toroli.

Kwa kibao chetu, njia tatu zinatoa hivi:

```
kushoto:    Mbagala-   Kariakoo/   Posta
kulia:      Mbagala    -Kariakoo   /Posta
peke yake:  Mbagala  -  Kariakoo  /  Posta
```

Amua kwanza fundo lako linakwenda wapi, ndipo uandike msimbo. Wengi wanaonijia wamekwama hawajakwama kwenye regeksi. Hawajaamua hilo tu. Mimi huenda hivi: nukta na alama ya kuuliza hubaki kushoto, kwa sababu ni mali ya sentensi iliyokwisha. Alama inayofungua jambo, kama kistari cha mwanzo wa kila bidhaa kwenye orodha, huenda kulia. Alama za hesabu hukaa peke yake.

3. Si nikate kawaida, halafu nikirudishe mwenyewe kwa `join`?

Kama kitenganishi ni kimoja na hakibadiliki, sawa, `"-".join(vipande)` itakurudishia ulichokuwa nacho. Vikiwa viwili, hapana. Ukishakata kwa kistari na mkwaju kwa pamoja, hujui tena kipi kilikaa wapi. Na ukikata kwa nafasi ambazo mara ni moja mara ni tatu, zile za ziada zimekwenda na maji.

Hili nililijua kwa aibu. Niliwahi kumwandikia mama mmoja wa vitenge kiprogramu cha kusoma meseji za malipo kwenye simu yake. Meseji zilikuwa za namna hii:

```
Umepokea TSh 12,500.00. Salio lako ni TSh 40,200.00.
```

Nikakata kwa nukta, nikasema kipande cha kwanza ni malipo, cha pili ni salio. Jioni akanipigia: "Mwanangu, hii kitu yako inasema sina hata senti, na hela nimeziona zikiingia." Kipande cha pili kilikuwa "00". Nukta ilikuwa na kazi mbili, kufunga sentensi na kutenga senti, na mimi nilikuwa nimezitupa zote bila kuziangalia usoni. Dawa ilikuwa kukata kwenye nafasi inayofuata nukta, na kuiacha nukta yenyewe ilipo:

```python
re.split(r"(?<=\.)\s+", meseji)
# ['Umepokea TSh 12,500.00.', 'Salio lako ni TSh 40,200.00.']
```

Ile `(?<=\.)` imeelezwa kwenye swali la 7.

## Python na JavaScript

4. Njia fupi kuliko zote kwenye Python ni ipi?

Weka mabano kuzunguka kitenganishi ndani ya `re.split`, yaani `split` ya `re`, moduli ya regeksi ya Python:

```python
import re
kibao = "Mbagala-Kariakoo/Posta"
re.split(r"[-/]", kibao)     # ['Mbagala', 'Kariakoo', 'Posta']
re.split(r"([-/])", kibao)   # ['Mbagala', '-', 'Kariakoo', '/', 'Posta']
```

Tofauti ni mabano tu. Mabano yananasa, na `re.split` hurudisha kila kilichonaswa kikiwa kipande chake. Wengi hutumia mwaka mzima bila kulijua hili kwa sababu `split` ya stringi yenyewe, ile isiyo ya `re`, haina uwezo huo.

Kuna zawadi ndani yake ambayo watu huipita. Kama mabano ni jozi moja tu, maandishi hukaa kwenye indeksi (namba ya nafasi, kuanzia sifuri) shufwa na vitenganishi kwenye indeksi witiri, siku zote:

```python
vipande = re.split(r"([-/])", kibao)
vituo = vipande[0::2]   # ['Mbagala', 'Kariakoo', 'Posta']
alama = vipande[1::2]   # ['-', '/']
```

Huhitaji kuuliza kila kipande "wewe ni kituo au ni alama?" Nafasi yake inakujibu. Ila zawadi hii hupotea ukifuta stringi tupu. Tazama swali la 6.

5. Na JavaScript?

Vilevile, kwa mabano:

```javascript
"Mbagala-Kariakoo/Posta".split(/([-/])/)
// ["Mbagala", "-", "Kariakoo", "/", "Posta"]
```

Hapa `split` ni ile ile ya stringi, ila unaipa regeksi badala ya stringi. Ukiandika `"([-/])"` ndani ya alama za mtajo, itatafuta mabano na herufi hizo kama zilivyo, na haitakata kitu.

6. Hizi stringi tupu mwanzoni na mwishoni zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye stringi yako inayoanza au kuishia na kitenganishi. Mfano kila mtu anaujua kwa vidole, nyota mia na hamsini nyota sifuri sifuri reli:

```python
re.split(r"([*#])", "*150*00#")
# ['', '*', '150', '*', '00', '#', '']
```

Kushoto kwa nyota ya kwanza hakuna kitu, na "hakuna kitu" huandikwa `''`. Kulia kwa reli vivyo hivyo. Vitenganishi viwili vikifuatana, utapata `''` katikati yake.

Wengi hukimbilia kuzifuta: `[k for k in vipande if k]`. Ni sawa, mradi uwe umejiuliza mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa shufwa na witiri wa swali la 4: ukifuta, hauaminiki tena. La pili ni kwamba utupu unaweza kuwa habari. Kama menyu yako ya USSD, ile ya nyota na reli, inapokea majibu ya mteja yakiwa yameungwa kwa nyota, "1\*\*5000" inasema mteja alipita hatua ya pili bila kujaza. Ukifuta utupu ule, 5000 inahamia hatua ya pili, na kiasi cha pesa kinasomwa kama namba ya wakala.

Kama kweli huutaki utupu, tafuta vipande badala ya kukata:

```python
re.findall(r"[^*#]+|[*#]", "*150*00#")
# ['*', '150', '*', '00', '#']
```

Isome hivi: nipe mfululizo wa herufi zisizo nyota wala reli, au nipe nyota moja au reli moja. Lakini `findall` ina ukimya mbaya: herufi isiyolingana na chochote inarukwa bila onyo. Ndiyo sababu ya swali la 18.

7. Nataka alama ibaki imegandana na kipande cha kushoto au cha kulia. Nifanyeje?

Tumia kuchungulia. Regeksi inaweza kukata mahali pasipo na herufi, katikati ya herufi mbili, baada ya kuchungulia nyuma au mbele. `(?<=...)` inachungulia nyuma: "kata hapa kama kilichopita ni hiki". `(?=...)` inachungulia mbele: "kata hapa kama kinachofuata ni hiki". Kwa kuwa haikuila herufi yoyote, hakuna cha kupotea.

```python
re.split(r"(?<=[-/])", kibao)   # ['Mbagala-', 'Kariakoo/', 'Posta']
re.split(r"(?=[-/])", kibao)    # ['Mbagala', '-Kariakoo', '/Posta']
```

Tahadhari tatu. Python ilianza kukata kwenye mahali patupu namna hii kwenye toleo la 3.7, seva ya zamani haitakutii. Pili, kuchungulia nyuma kwenye `re` ya Python kunataka urefu usiobadilika, kwa hiyo `(?<=-+)` inakataliwa kabisa. Tatu, kwenye JavaScript kuchungulia nyuma kuliingia na ES2018, toleo la lugha la mwaka 2018, lakini Safari ilichelewa hadi 16.4, mwaka 2023. Mteja mwenye iPhone ya mtumba isiyosasishwa akifungua ukurasa wako, regeksi hiyo ni kosa la sarufi na faili lote la msimbo halisomwi. Hataona vipande vibaya. Ataona ukurasa mweupe. Kuchungulia mbele hakuna tatizo hilo.

8. Napata `None` katikati ya vipande. Nani kaiweka?

Umeiweka mwenyewe kwa mabano ya ziada. Kila jozi ya mabano inadai nafasi yake kwenye jibu, hata kama safari hii haikunasa kitu:

```python
re.split(r"((-)|(/))", kibao)
# ['Mbagala', '-', '-', None, 'Kariakoo', '/', None, '/', 'Posta']
```

Kistari kimetokea mara mbili, kwa mabano ya nje na ya ndani, na mabano ya mkwaju yaliyokosa yakaacha `None`. JavaScript itakupa `undefined` mahali pale pale. Acha jozi moja ya kunasa tu, ile ya nje. Ukihitaji mabano ya kupanga tu, anza na `?:` kama `(?:...)`, hayo hayanasi.

9. Nataka kukata mara moja tu, kwenye alama ya kwanza.

Kwenye Python achana na regeksi. `partition` inarudisha vitu vitatu kila mara: kilicho kabla, kitenganishi chenyewe, na vyote vilivyobaki.

```python
"Kuondoka: 2:30 usiku".partition(":")
# ('Kuondoka', ':', ' 2:30 usiku')
```

Nukta pacha ya saa imesalimika. `rpartition` inaanzia kulia. Alama isipokuwepo, `partition` inaweka stringi nzima kwenye nafasi ya kwanza, na `rpartition` kwenye ya mwisho.

Anayetoka Python kwenda JavaScript ajihadhari: `split("-", 2)` ya JavaScript haisemi "kata mara mbili". Inasema "nipe vipande viwili, vilivyobaki tupa". Huko tafuta mahali pa alama kwa `indexOf` kisha ukate kwa `slice`.

## Lugha nyingine

10. Java inakataa mabano. Kwa nini?

`String.split` ya Java haijali mabano ya kunasa. Miaka yote watu wameishi kwa kuchungulia pande zote mbili:

```java
kibao.split("(?<=[-/])|(?=[-/])")
// Mbagala  -  Kariakoo  /  Posta
```

Java 21, ya mwaka 2023, ilileta `splitWithDelimiters`, nayo ndiyo ningeitumia leo kama mradi unaruhusu: `kibao.splitWithDelimiters("[-/]", 0)`. Kumbuka ile `0` ya mwisho inafuta stringi tupu za mkiani. Ukizitaka, weka `-1`. Utakuta pia `new StringTokenizer(kibao, "-/", true)` kwenye msimbo wa wazee wetu. Inafanya kazi, ila nyaraka za Java zenyewe zinashauri isitumike kwenye msimbo mpya.

11. PHP?

`explode` haiwezi. Tumia `preg_split` na bendera zake:

```php
preg_split('~([-/])~', $kibao, -1,
    PREG_SPLIT_DELIM_CAPTURE | PREG_SPLIT_NO_EMPTY);
```

Ya kwanza inabakiza vilivyonaswa, ya pili inafuta utupu. Ile `-1` usiisahau. Bila hiyo bendera zako zinakaa kwenye nafasi ya kikomo, na utashangaa bure.

12. C#, Go, Rust, C?

C#: `Regex.Split` inaheshimu mabano kama Python. Go: `strings.SplitAfter(s, "-")` inaacha alama kushoto, na ndiyo rahisi kuliko zote. Lakini regeksi ya Go haina kuchungulia kabisa, kwa hiyo usihamishe mifano ya swali la 7 huko. Waliacha kwa makusudi ili muda wa kutafuta usilipuke. Rust: `split_inclusive`, nayo ni kushoto.

C ni habari nyingine. `strtok` haikitupi kitenganishi tu, inakiandika juu yake sifuri ndani ya stringi yako ya asili. Ukimaliza kukata, asili nayo imekatika. Alama mbili zikifuatana inazihesabu moja. Kama unahitaji kujua ilikuwa alama gani, tembea mwenyewe kwa `strcspn`: inakwambia ni herufi ngapi hadi alama ya kwanza, unanakili kipande, unaiangalia alama, unasonga mbele.

## Alama korofi

13. Nikikata kwa nukta, nyota au alama ya kujumlisha, mambo yanaharibika.

Hizo zina maana yake ndani ya regeksi. Nukta ni "herufi yoyote", nyota ni "mara sifuri au zaidi", kujumlisha ni "mara moja au zaidi". Ukitafuta `+255` bila kuikinga, Python itakwambia hakuna cha kurudia. Ikinge kwa mkwaju nyuma, `\+`, au iweke ndani ya mabano mraba, `[+]`. Kitenganishi kikitoka kwa mtumiaji, usikikinge kwa mkono: `re.escape` kwa Python, `preg_quote` kwa PHP, `Pattern.quote` kwa Java.

14. Nimeandika `[+-/]`, mbona inakata hadi kwenye mkato na nukta?

Hili nalipenda, maana msimbo unaonekana hauna kosa. Ndani ya mabano mraba, kistari kilicho katikati ni masafa: "kuanzia + hadi /". Kwenye jedwali la ASCII kati ya hizo mbili kuna mkato, kistari na nukta, kwa hiyo umeomba alama tano badala ya tatu. Bei ya 12,500 inapasuka. Kistari kikae mwanzoni au mwishoni: `[+/-]`.

15. Kitenganishi changu kina herufi mbili, kinatoka nusu.

Regeksi hujaribu chaguo kutoka kushoto na kuridhika na la kwanza linalokubali. Chukua alama yetu ya shilingi:

```python
re.split(r"(/|/=)", "12500/=")   # ['12500', '/', '=']
re.split(r"(/=|/)", "12500/=")   # ['12500', '/=', '']
```

Ndefu itangulie. Na kama unataka mfululizo wa alama uhesabiwe kuwa kitenganishi kimoja, ongeza `+` ndani ya mabano ya kunasa: `([-/]+)`. Ukiiweka nje, `([-/])+`, utanasa ile ya mwisho tu na nyingine zitapotea.

## Kiswahili chetu

16. Nakata maandishi ya Kiswahili kuwa maneno na alama, "ng'ombe" anachinjwa mara mbili.

Mifano mingi ya mtandaoni inaona ritifaa kuwa alama ya mtajo. Kwetu ni sehemu ya herufi.

```python
maneno = "Ng'ombe wa Vingunguti"
re.findall(r"\w+|[^\w\s]", maneno)
# ['Ng', "'", 'ombe', 'wa', 'Vingunguti']
re.findall(r"\w+(?:['’]\w+)*|[^\w\s]", maneno)
# ["Ng'ombe", 'wa', 'Vingunguti']
```

Angalia zile ritifaa mbili kwenye mabano mraba. Moja ni ile iliyonyooka ya kibodi, nyingine ni ile iliyopinda ambayo simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa macho ni ndugu, kwa kompyuta hawajuani. Nimeona orodha ya maneno yenye "ng'ombe" mara mbili, kila mmoja na hesabu yake, na mwenye orodha akiapa kwamba programu ina wazimu.

Kwa sentensi, adui ni vifupisho: "Dkt.", "S.L.P.", "k.m.", "Na." Vizuie kwa kuchungulia nyuma kwa kukanusha, kimoja kimoja, ili kila kimoja kiwe na urefu wake usiobadilika:

```python
re.split(r"(?<!Dkt\.)(?<!k\.m\.)(?<=[.?!])\s+", maandishi)
```

Orodha ya vifupisho haiishi. Ukizidi kumi, andika fanksheni ya kawaida inayokata kwanza, kisha inaunganisha upya kipande kinachoishia na kifupisho. Utaisoma mwakani na kuielewa.

Na bei zenye mkato? "sukari 3,200, unga 2,500, chumvi" inakatika kwa `(,)(?!\d)`, yaani mkato usiofuatwa na tarakimu. Lakini "3,200,2,500" hakuna regeksi itakayokuokoa, kwa sababu hata mimi nikiisoma sijui ni namba mbili au nne. Mrudie aliyekupa data.

## Za pembeni

17. Nina faili la CSV. Nitumie haya?

Hapana. Kwenye CSV, yaani jedwali lililoandikwa kama maandishi na safu zake zikatengwa kwa mkato, mkato ulio ndani ya alama za mtajo si kitenganishi: `Sukari,"kg 1, pakiti",3200` ni safu tatu. Kuna pia alama ya mtajo ndani ya alama za mtajo, na mistari mipya ndani ya seli. Tumia moduli ya `csv` au inayolingana nayo kwenye lugha yako. Kila kijana hujaribu kuiandika regeksi yake ya CSV mara moja; nami nilijaribu.

Kama ni mistari tu unayotaka kukata bila kupoteza alama za mwisho wa mstari, Python ina `splitlines(keepends=True)`. Inakata pia kwenye alama nyingine zisizo za kawaida kama `\x0b` na `\u2028`, si `\n` peke yake.

18. Nitajuaje kwamba sijapoteza herufi yoyote?

Viunge vipande bila kitu katikati, ulinganishe na asili:

```python
assert "".join(vipande) == asili
```

Kama umebakiza kila fundo, muwa unarudi mzima. Mstari huu mmoja unakamata `findall` iliyoruka herufi (swali la 6), na mabano yaliyorudia alama (swali la 8), maana hapo ama utapata alama mbilimbili ama `join` itaikataa `None`. Uendeshe kwa stringi tupu, stringi isiyo na kitenganishi hata kimoja, stringi yenye vitenganishi peke yake, na zinazoanza na kuishia navyo. Mfano wa meseji kwenye swali la 3 hautafaulu jaribio hili, kwa sababu pale nafasi imetupwa kwa makusudi, ukiihitaji, inase: `(?<=\.)(\s+)`.

19. Nikikata emoji zinageuka viboksi.

Ni `split("")` ya JavaScript. Inakata kwa vizio vya UTF-16, namna JavaScript inavyohifadhi herufi, na emoji nyingi hubeba viwili. Tumia `[...stringi]`. Lakini dole gumba lenye rangi ya ngozi ni alama mbili zilizoshikana, hata hiyo itazitenganisha; hapo ni `Intl.Segmenter`.

20. Regeksi ni sahihi, nimeijaribu mahali pengine imekubali, hapa kwangu haikati kabisa.

Ichapishe stringi kwa `repr` kabla ya kumlaumu mtu:

```python
print(repr(kibao))
# 'Posta\xa0-\xa0Tegeta'
```

Ile `\xa0` ni nafasi isiyovunjika. Hunakiliwa pamoja na maandishi kutoka kurasa za mtandao na nyaraka za Word, na kwenye skrini hutaitofautisha na nafasi ya kawaida. Ukitafuta `" - "` huipati. Kwenye Python 3, `\s` inaitambua, kwa hiyo `(\s*-\s*)` itakata na kukubakizia kila kitu, pamoja na ile nafasi iliyokusumbua.